Kipande Kisichoonekana: Barua ya Wazi kwa Waajiri wa Nairobi

Kwa uongozi na wanachama wa Shirikisho la Waajiri nchini Kenya, FKE,
Waajiri House, Nairobi.

Nakala: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Taasisi ya Wasimamizi wa Rasilimali Watu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kutoka Eastlands kwa sababu jambo lenyewe hufanyika mafichoni. Kijana wa Kayole, Huruma au Makongeni anapoomba kazi, huwatumia barua, wasifu kazi, nakala za vyeti na ya kitambulisho. Hayo ndiyo aliyowapa. Kisha afisa anayechuja maombi hutoa simu mfukoni, akaandika majina mawili ya mwombaji kwenye Facebook, TikTok, Instagram na X, akaanza kusoma ambayo hakupewa. Akikuta picha isiyomridhisha, jina hutoka kwenye orodha. Mwombaji anabaki na kimya, au na ile sentensi tuliyoizoea ya kumtakia kila la heri kwingineko. Hajui kama alipekuliwa, hajui kilichoonekana, hana pa kujibu.

Simsingizii kila mwajiri. Lakini kwa miaka mingi sasa kurasa za ajira kwenye magazeti yetu zimekuwa zikiwashauri vijana wasafishe akaunti zao kabla ya kutuma maombi, na washauri wenyewe mara nyingi ni watu wa idara za rasilimali watu. Hakuna amwambiaye mgeni afiche vyombo ila anayejua kuna mtu atakayefungua kabati. Ushauri huo nauchukua kama ungamo, nami nina hoja moja juu yake: kupekua mitandao ya mwombaji ni kumuuliza maswali ambayo sheria imewakataza kumuuliza, halafu mkajijibia wenyewe kwa niaba yake.

1. Anzeni na Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 5 hakimlindi aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Kinamlinda pia anayebisha hodi. Kinakataza abaguliwe kwa rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa au mengineyo, utaifa, asili yake ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali ya virusi vya Ukimwi. Shikeni orodha hiyo mkono mmoja, na kwa mkono wa pili fungueni ukurasa wa mtu yeyote wa miaka 25. Kuna picha za Idi au za kesha la kanisani. Kuna matanga ya babu, na jina la kijiji chini yake. Kuna ruracio, sherehe ya mahari ya dada, tumbo la miezi sita, mkongojo, bango la maandamano. Kwa dakika tatu afisa wenu amejua yote ambayo, kama angethubutu kuyauliza mbele ya jopo, wakili wa kampuni angemvuta shati. Tena hawezi kuyasahau. Hata awe mwadilifu kiasi gani, hakuna awezaye kuthibitisha, yeye mwenyewe akiwemo, kwamba kilichomfanya aliweke jina lile pembeni kilikuwa alama za uhasibu wala si kile kitambaa cha kichwani. Na sheria hiyohiyo inasema kuwa mwajiri akilalamikiwa kwa ubaguzi, ni juu yake kuonyesha kwamba hakubagua. Sielewi kwa nini mtu mwenye akili ya biashara ajitwike mzigo huo kwa hiari, kwa udadisi tu.

La maoni ya kisiasa linahitaji nilitaje peke yake. Mnamo Juni 2024 vijana wa nchi hii waliandika mtandaoni kuupinga Mswada wa Fedha, wakaweka majina yao halisi na sura zao, na tarehe 25 mwezi huo wakajaa barabarani. Maandishi yale bado yapo. Atakayeomba kazi mwaka huu na miaka ijayo anakuja nayo, kama mtu anayetembea na makala yake ya zamani yamebandikwa mgongoni. Kifungu cha 33 cha Katiba kilimpa haki ya kusema na cha 37 kikampa haki ya kuandamana. Akinyimwa kazi kwa sababu hiyo, hakuna polisi aliyemgusa wala hakimu aliyemhukumu. Ameadhibiwa na afisa wa ajira aliyekuwa akinywa chai.

2. Najua jibu lenu la kwanza: hatutafuti kabila wala dini, tunatafuta tabia, mtandao unatuonyesha mtu alivyo hasa. Jibu hilo limewahi kupimwa. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Chad Van Iddekinge walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio ambalo waajiri halisi walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi, wakaombwa wakadirie ufaao wao. Baadaye watafiti waliwafuata wanafunzi hao makazini na kuwauliza wasimamizi wao wanavyofanya kazi. Makadirio ya Facebook hayakuhusiana na utendaji. Kilichoonekana ni kwamba yaliwapendelea wanawake na Wazungu. Kwa maneno mengine, waliosoma kurasa zile waliamini wanasoma tabia, kumbe walikuwa wanasoma sura.

Alessandro Acquisti na Christina Fong wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nao walituma maombi ya waombaji wa kubuni kwa waajiri zaidi ya 4,000 nchini humo. Wasifu kazi ulikuwa sawa. Dini ya mwombaji ilionekana mtandaoni peke yake. Katika maeneo yanayoegemea sana chama cha Republican, mwombaji Mwislamu aliitwa kwenye mahojiano mara chache kuliko Mkristo. Karatasi haikusema dini. Mwajiri aliifuata mtandaoni. Nani kati yenu yuko tayari kuapa kwamba Nairobi, jiji ambamo jina la pili humtangulia mtu mlangoni, mambo yangekuwa nafuu?

3. Sasa la kwetu. Eastlands ina ubaya mmoja machoni pa watu wa ng'ambo ya pili ya jiji: inasomwa kabla ya kusikilizwa. Anwani ya Dandora au Korogocho ni dosari tosha kwa baadhi ya wanaochuja maombi, na vijana wengi hulijua hilo. Ndiyo maana huandika sanduku la posta la mjini na kunyamaza. Mtandao unaifichua anwani hiyo. Unafichua ploti, ngazi, ukuta wenye michoro, nganya, yaani matatu iliyopakwa rangi hadi kwenye matairi. Kwa mtu wa Umoja nganya ni sanaa inayotembea, na ana haki ya kujivunia: kundi la muziki la Ethic lilitoka mtaani kwake mwaka 2018 likasikika nchi nzima, na mtindo wa gengetone ukapata njia. Kwa msomaji asiyefika huku, picha ileile ni ushahidi wa uhuni. Utani wa Sheng kati ya marafiki, ambao kwa sikio letu ni mapenzi matupu, ukinakiliwa neno kwa neno kwenye faili ya ofisi unageuka tusi. Dredi zinageuka bangi, ingawa Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba Urastafari ni dini, na ingawa Katiba katika kifungu cha 27 inataja hata mavazi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Asili ya kijamii, ile iliyotajwa kwenye Sheria ya Ajira, kwetu huku ndiyo hii.

Tena si kila kinachoonekana ni chake. Marafiki humtaja mtu kwenye picha asizoziomba. Akaunti hudukuliwa, simu huibwa. Majina mawili ya Kikenya yana wenyewe mamia. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Aliyekataliwa kwa video ya mtu mwingine mwenye jina lake hatajua kamwe, kwa hiyo hata mwajiri hatajua kwamba alikosea.

4. Nije kwenye pingamizi lenu zito kuliko yote: aliyejianika mwenyewe hana faragha ya kudai. Nalipa heshima yake, kwa sababu hata sheria imelitazama. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinasema taarifa za mtu zikusanywe kutoka kwake moja kwa moja, kisha kinaruhusu zikusanywe kwingine iwapo amezitoa hadharani kwa makusudi. Wengi husoma hadi hapo, wakafunga kitabu. Lakini ruhusa hiyo inahusu mahali pa kuchotea. Haiondoi masharti ya kifungu cha 25, kwamba taarifa zichukuliwe kwa haki na kwa uwazi, kwa lengo lililotajwa, zisizidi kinachohitajika, ziwe sahihi, na kwamba yanapotakiwa mambo ya kifamilia au ya faragha, sababu halali itolewe. Haiondoi wajibu wa kifungu cha 29 wa kumjulisha mtu. Na Katiba, kifungu cha 31, inakataza taarifa za familia ya mtu au mambo yake ya binafsi kudaiwa au kufichuliwa pasipo ulazima. Neno hilo la ulazima ndilo mizani. Ni ulazima gani unaomfanya dereva wa lori la mikate achunguzwe alikula Krismasi na nani?

Hata hilo la makusudi lina makunyanzi. Fikirini jambo moja ambalo kila Mkenya amelifanya au kulipokea: mchango wa hospitali. Mtu akiugua figo au mtoto wake akipata saratani, familia huweka picha, jina la ugonjwa na nambari ya Paybill kwenye Facebook na kwenye kila kundi la WhatsApp. Ametoa hadharani, ndiyo, na kwa makusudi. Makusudi yake yalikuwa kunusuru uhai. Hakuweka pale ili miaka miwili baadaye mtu wa idara ya ajira ahesabu ni siku ngapi za ruhusa ya ugonjwa atakazoomba. Hali ya afya, ndoa na majina ya watoto ni miongoni mwa taarifa ambazo sheria imeziita nyeti. Kuzitumia kwa lengo lisilokuwa lile zilizotolewa kwalo ni kumgeuzia mtu msiba wake kuwa kosa.

Kamishna ameshaonyesha kwamba kuwa hadharani hakumwondolei mtu haki zake. Mnamo Septemba 2023 ofisi yake iliitoza klabu ya Casa Vera ya hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Mteja yule alikuwa mahali pa umma, mbele ya macho ya kila aliyekuwepo. Kuonekana na kutumiwa ni mambo mawili. Na sheria inaruhusu faini ifike shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, mbali na fidia anayoweza kudai aliyeumizwa.

Wengine watasema basi afunge akaunti, yaishe. Kwa kijana wa Eastlands akaunti ni kibanda. Ndiyo anayouzia viatu alivyovichagua Gikomba alfajiri, anayotafutia wateja wa kusuka na kurekodi, na matangazo ya kazi zenu nayo huyasoma humohumo. Mnamwambia ajiuze mtandaoni, kisha mnamlaumu kwa kuonekana.

5. Huku kwetu jambo hili lina jina la zamani. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande: karatasi ndani ya kijibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni, yenye alama za vidole vyake, kabila lake, majina ya waajiri wake, mshahara wake, na saini ya kumwachilia. Mwajiri mpya alifungua kijibweta akasoma kabla ya kusikia neno kutoka kwa mwenyewe. Asiye na saini hakuajirika. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, mitaa ambayo wajukuu wanaishi leo, ilikuwa makao ya wafanyakazi waliobeba chuma kile. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya mwanaharakati Harry Thuku akusanye watu, na Machi 1922 watu waliojitokeza kudai aachiliwe kutoka kizuizini walipigwa risasi jijini humu.

Msinielewe vibaya; sisemi kwamba afisa wa ajira mwenye simu ni mkoloni. Ulinganisho una mipaka yake, na mmoja wa mipaka hiyo unawaendea kombo. Aliyebeba kipande alijua anacho. Alijua kimeandikwa nini, au angeweza kumpata wa kumsomea. Akifukuzwa mlangoni, alijua karatasi gani imemfukuza, ndiyo sababu aliweza kukusanyika na wenzake kuipinga. Hiki cha leo mwenyewe hakioni. Kimeandikwa na marafiki zake, na hasira zake za miaka 17, na mfumo wa kampuni ya ng'ambo unaochagua picha ipi itangulie. Na anayekisoma hatoi saini.

6. Kuhusu jina zuri la kampuni sitakawia. Zipo kazi chache ambazo maneno ya mtu hadharani ni sehemu ya kazi yenyewe: msemaji wa taasisi, mlinzi wa watoto, mhariri. Kwa hizo uchunguzi unaweza kuwa na sababu, na nitasema hapa chini ufanywe vipi. Kwa zilizobaki mna vyombo tele. Mna vyeti. Mna watu waliotajwa na mwombaji wamshuhudie. Mna cheti cha maadili mema cha idara ya upelelezi, DCI, kinacholipiwa na mwombaji mwenyewe baada ya kupanga foleni ya alama za vidole. Mna kipindi cha majaribio cha hadi miezi 6, ambacho ndani yake mnaweza kumwachisha mtu kwa notisi ya siku 7. Asiyeweza kumjua mfanyakazi kwa miezi 6 ya kumwona kila asubuhi hatamjua kwa video ya sekunde 30.

Tena Bunge limeshawaonyesha njia. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yaliwazuia kumdai mtu vyeti vya kuidhinishwa, vile vya HELB ya mikopo ya elimu, KRA ya kodi, EACC ya kupambana na ufisadi na wenzao, kabla hamjakusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Maana yake ni kwamba kumchimba mtu kuje baada ya kumchagua, kusiwe kichujio cha mlangoni. Kama cheti rasmi, chenye muhuri na mahali pa kukata rufaa, kimewekewa mpaka huo, uvumi wa mtandaoni unauvukaje?

7. Nawaomba haya. Kwanza, Shirikisho liandike kanuni inayowafunga wanachama: hakuna kupekua mitandao ya mwombaji kabla ya kumpa ahadi ya kazi. Waajiri wadogo wa Industrial Area watasema hawana idara ya kusimamia kanuni. Hii haihitaji idara, kwa kuwa kuacha kupekua hakugharimu kitu. Pili, pale kazi inapodai uchunguzi, mwombaji aambiwe kwa maandishi tangu kwenye tangazo: kurasa zipi, za kuanzia lini, kutafuta nini. Ufanywe na mtu asiyekaa kwenye jopo, naye awapelekee wenzake kile tu kinachohusu kazi, dini na tumbo na kabila vikibaki kwake. Wanaotumia programu za kompyuta kuchuja nao wamo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine pekee. Tatu, msithubutu kuomba nenosiri, wala kumtaka mtu afungue simu yake mbele ya jopo, wala kumtumia ombi la urafiki kwa akaunti ya bandia. Jimbo la Maryland huko Marekani lilipiga marufuku kudai nenosiri tangu 2012, na majimbo mengine mengi yakafuata. Msiniambie kwamba mwombaji alikubali; katika nchi ambayo zaidi ya kazi nane kati ya kila kumi ziko kwenye sekta isiyo rasmi, mbele ya meza ya kazi ya mshahara ndiyo ya mtu haina uhuru mwingi. Nne, kilichopatikana kikitumika dhidi ya mtu, aonyeshwe na apewe siku 7 za kujibu kabla ya uamuzi. Tano, picha za skrini na maelezo yote yafutwe mchujo ukiisha, ya waliokosa kwanza.

Kwa Ofisi ya Kamishna naomba tamko la wazi kuhusu mitandao na uajiri, kwa Kiswahili pia, libandikwe mahali ambapo waombaji hupita, kama Huduma Centre ya Makadara wanakokwenda kushughulikia hati zao. Kwa Taasisi ya Wasimamizi wa Rasilimali Watu naomba kwamba afisa atakayethibitika kumwondoa mtu kwa picha ya kitambaa au ya bango ajibu mbele ya wanataaluma wenzake.

Mnaweza kuanza kabla ya kikao chochote. Matangazo yenu ya kazi huishia na mstari mmoja unaofanana, ule unaosema kwamba watakaoteuliwa tu ndio watakaopigiwa simu. Juu yake ongezeni mwingine: tutaangalia hiki na hiki, na mitandao yako hatutaigusa.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Eastlands, Nairobi